Mkono wa Pili

Mama hakuuliza protini ni nini.
Aliuliza: nani anayekunja?

Nikamwambia, ndani ya seli yumo somo,
hodari kama weye, Bi Mize wa Chwale.
Mwali humjia angali uzi mrefu, hana umbo,
naye humkunja, humkunjua, humkunja tena
mpaka akae anavyotakiwa kukaa.
Asiyekunjika hutupwa.
Seli yenyewe humla.

"Peke yake?"
Alikuwa analinganisha ncha mbili za kanga.

Wala. Ana msaidizi.
Huyo ndiye anayekwenda kumtwaa mwali kwao,
akamshika kiwiko, akamwingiza chumbani,
akasema: huyu, zamu yake.
Sasa sikiliza. Ukiingia uvimbe
wanaofika mlangoni si wanawali tena,
ni majambazi waliojitia buibui,
na msaidizi, maskini, hachagui,
anawashika kiwiko vilevile,
na somo anawakunja vilevile,
wakitoka humo hawashikiki.

"Mfungieni huyo somo, basi."

Walijaribu wengine, mama, huko mbali.
Ukimfunga somo, arusi zote za mwili zinaharibika:
ini, utumbo, nywele, moyo.
Ndiyo maana sisi tunamtafutia msaidizi wake
kitu kidogo, molekuli,
chembe ya chumvi ukiigawa mpaka uchoke na bado,
ikakae pale kiganja chake
kinapokutana na kiganja cha somo.
Haimpigi mtu. Inakalia nafasi tu,
kama mtoto aliyeketi kizingitini, hataki kuondoka.

Sikumwambia yote.
Sikumwambia namba mia mbili na kumi na moja imegoma kuyeyuka,
imelala chini ya kisima kama sukari ya chai ya baridi;
wala themanini na tatu, iliyoua seli nzuri kwa mbaya
kwa usiku mmoja;
wala Ijumaa ile umeme ulipokatika Tunguu,
friza ikalia mlio mmoja usiokata
mpaka Masoud akaja na mafuta ya jenereta,
viatu mkononi, matope magotini.
Moja tu, mia na tisa, ilifanya kitu.
Mstari kwenye grafu ulishuka
kama mtu anayeteremka ngazi gizani.
Nikairudia.
Mara ya pili haukushuka.

Mama kimya. Kanga mkononi, haijakunjwa.
Tangu asubuhi amekunja tatu.

Zamani, yeye na Shumbana,
mmoja huku, mmoja kule, ncha kwa ncha,
sanduku zima la bi arusi lilijaa
kabla chai haijapoa.
Shumbana ndiye aliyekwenda kuwatwaa,
Gando, Konde, Mtambwe,
akijua yupi anaogopa na yupi analia uongo.
Titi la kushoto. Miezi tisa alilificha
akisema jipu, litapasuka lenyewe.
Mnazi Mmoja tulimfikisha
daktari akamtazama mama, hakumtazama yeye.

Tangu hapo mama amekataa arusi nne.
Watu wanasema uzee.

"Hicho kidude chako," akasema,
"kinakaa pale ulipokuwa mkono wa pili?"

Ndiyo.

"Na somo hafi?"

Hafi. Anabaki chumbani.

"Anabaki," akasema, "na singo yake, na udi wake,
anamngoja mtu amletee mwali,
na mtu haji."
Akaitazama ile kanga muda.
"Kitafanya kazi. Mie nakijua."

Sikuwa na la kumjibu.
Jumatatu napanda boti, narudi Unguja,
narudia mia na tisa mara ya tatu,
visima tisini na sita, mkono usitetemeke.

Akanirushia ncha moja.
Niliishika, nikaanza kukunja.

"Si hivyo," akasema. "Vuta kwanza."